Mwenyekiti wa Kura za Miguu

Mwenyekiti wa mtaa wetu hakupenda kura za mikono. Alisema mkono huinuka kwa aibu, au kwa sababu jirani ameinua, au kwa sababu mtu anataka mkutano uishe akapike. "Mguu ndio mkweli," alisema. "Mguu hauendi usikotaka." Basi likifika jambo la kuamua, alimsimamisha msemaji mmoja upande huu wa uwanja na mwingine upande ule, halafu akatuambia tutembee. Ukimkubali huyu, nenda kasimame nyuma yake. Mwenzake akisema neno likakuingia, hama. Ukibadili tena nia, rudi, hakuna wa kukucheka.

Mgeni angeshangaa. Sisi hatukushangaa, maana ndivyo ngoma zinavyochezwa huku. Pamba ikishavunwa, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu zamani, wanakutana uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Jua likizama, waliozungukwa na watu wengi ndio walioshinda. Mwenyekiti alicheza ngoma ujanani, upande wa Bagalu, na mpaka leo ukimtajia Bagika anakunja pua. Mtindo huo wa ngoma aliuhamishia kwenye serikali ya mtaa kama mtu anayehamisha sufuria kutoka jiko hili kwenda lile.

Sina uhakika kama naweza kumweleza vizuri. Niliishia darasa la saba, na ninayoandika jioni nikishafunga meza yangu ya karanga na michembe ya viazi vitamu ni mambo ya siku tu: nani kapita, nani kagombana, mvua imegoma au imekuja. Ila nimekaa jirani naye tangu pale kwetu pakiitwa kijiji, kabla mji wa Bariadi haujatufikia na kutugeuza mtaa. Nitasema niliyoyaona. Penye mashaka nitasema nina mashaka.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kila mkutano alikuja na kigoda chake mkononi, kwa sababu viti vya plastiki hakuviamini. Kimoja kiliwahi kuvunjika naye mbele ya mgeni kutoka wilayani, akaendelea kuhutubia akiwa amekaa chini. Simu aliifunga kwenye pindo la kanga. Ikilia, alimpa aliye karibu ampokelee, akisema yeye hawezi kuongea na mtu asiyemwona miguu.

Ukienda kwake na malalamiko, hukuyasema mpaka salamu ziishe. Na salamu zake haziishi.

"Mwadila, mayu," unaanza, yaani habari za mchana, mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu."

"Baba watoto?"

"Mhola."

"Watoto? Ng'ombe? Yule ndama aliyekuwa anaharisha?"

Mkifika kwenye kuku, hasira uliyokuja nayo imebaki nusu. Wapo waliosema ni mbinu ya kuchosha watu. Inawezekana. Mwalimu Shabani, aliyehamishiwa huku kutoka Lindi na kujenga karibu na Mwenyekiti, aliniambia mara ya kwanza alikwenda kulalamikia bomba, akasalimiwa, akarudi nyumbani, na alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba bomba hajalitaja.

Huyo Mwalimu hakutendewa haki sikuzote, na hilo lazima nilitie hapa. Anaongea Kiswahili kizuri cha kwao, kinachoteleza, na Mwenyekiti alikuwa akimkatiza mbele ya watu: "Mwalimu, punguza sukari kidogo, tutaumwa." Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, lakini niliona anacheka kwa mdomo. Tena Mwenyekiti akikasirika alihamia Kisukuma katikati ya sentensi, na Mwalimu akabaki anageuza shingo kumtafuta wa kumtafsiria. Nilimwambia siku moja kwamba si vizuri. Akanijibu kwamba hasira yake haijui Kiswahili.

Halafu kuna beberu. Sheria ya mifugo kuzurura Mwenyekiti aliisimamia kwa ukali mpaka watu walifunga mbuzi wao wakisikia kikohozi chake. Lakini yeye alikuwa na beberu mweusi mwenye pembe moja aliyetembea mtaa mzima kama mkaguzi. Aliingia zahanati, aliingia kanisani, aliwahi kula fomu za watu ofisini. Mtu akimlalamikia, Mwenyekiti alisema, "Huyo si mfugo, huyo ni mtoto." Mama mmoja aliyewahi kutozwa faini kwa ajili ya mbuzi wake hakumsamehe kwa hilo, nami simlaumu.

Kwa upande mwingine, hakuna msiba uliopita bila yeye kuwa wa kwanza kufika na jembe. Hata kwa mtu aliyemtukana wiki hiyo hiyo. Alilia kwa sauti, kisha akafuta uso na kuuliza nani anasimamia maji. Na hakuna aliyekosa kusikilizwa kwake. Mlevi aliyepita njia akisema "naomba kuchangia" alipewa nafasi, na akisema la maana, Mwenyekiti aliwaambia watu, "Mmesikia? Mwingine amekuja hajalewa na hana la kusema."

Jikoni kwake ndipo penye kisa chenyewe.

Katikati ya mtaa wetu inapita njia ya ng'ombe, kutoka juu kwenye maboma mpaka chini kwenye lambo. Ilikuwepo kabla ya nyumba. Nyumba zilipokuja zilijipanga pande mbili, kila mmoja akaotesha minyaa ya kuzuia ng'ombe wasiingie uani, na njia ikawa inabanwa mwaka hadi mwaka. Pembamba kuliko pote palikuwa kati ya ukuta wa Mwalimu na jiko la Mwenyekiti, jiko la matofali ya tope lililochomoza njiani kama kiwiko. Alilijenga mwenyewe na alilipenda. Afisa mmoja wa ardhi aliwahi kusema limeingia njiani, akasalimiwa mpaka akaondoka.

Halmashauri ikatuletea rasimu ya sheria ndogo. Mtendaji wetu, kijana mpole mwenye miwani, alitusomea: mifugo haitapita tena katikati ya makazi, isipokuwa kwenye njia ambazo mkutano wa mtaa wenyewe umezikubali. Maana yake ilikuwa wazi. Tukiikubali njia yetu, inabaki. Tusipoikubali, inafungwa.

Aliyepaliwa zaidi na habari hiyo ni Mama Kulwa. Ni mjane, anakaa juu kabisa, na mume wake hakumwachia shamba, alimwachia ng'ombe. Maziwa yao ndiyo yanayowasomesha Kulwa na Doto. Njia ikifungwa, ng'ombe wake wangelazimika kwenda lamboni kwa kuzunguka lami, wakipishana na malori ya pamba, au awauze. "Nikiwauza," aliniambia mezani kwangu akichambua karanga ambazo hakuwa na nia ya kununua, "mwaka ujao nitauza nini? Nitauza kamba?"

Na Mwalimu naye alikuwa na lake, si dogo. Pale penye kubana ng'ombe walisongamana wakakanyaga bomba kila mara, nyumba za chini zikakosa maji. Kisha siku moja ndama alimsukuma binti yake mdogo kwenye minyaa, matawi yakakatika, na utomvu ukamwingia jichoni. Anayeijua minyaa anajua utomvu ule unavyounguza. Mtoto alipelekwa hospitali akiwa amefungwa kitambaa macho yote mawili, na kwa siku kadhaa alimtambua mama yake kwa kumpapasa uso. Jicho lilipona, Mungu mkubwa. Lakini baba aliyeona vile, ukimwambia njia ni ya asili, atakujibu nini?

Mkutano uliitwa uwanjani, msimu wenyewe wa ngoma. Mama Kulwa akasimama upande wa njia ibaki. Mwalimu akasimama upande wa ifungwe. Mwenyekiti akakaa katikati na kigoda chake, Mtendaji pembeni akiandika. Mwalimu alianza vizuri. Alisema, "Mimi sichukii ng'ombe, jamani. Nyama naila. Ninachoomba ni mtoto aweze kwenda dukani." Watu wakaanza kusogea kwake, taratibu, akina mama kwanza.

Alipofika kwenye habari ya jicho, nyuma ya Mama Kulwa ikalia ngoma.

Vijana wa upande wa ng'ombe, wakiongozwa na dalali mmoja wa mnadani, walikuwa wamemleta mcheza majembe kutoka Lalago. Nasikia hata Mama Kulwa hakuambiwa. Yule mtu aliingia na kengele miguuni, akarusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka nyuma ya mgongo bila kugeuka. Akarusha mawili. Uwanja ukahama wote. Wazee walihama, akina mama waliokuwa wameshikilia mashavu kwa huruma ya jicho walihama, na miguu yangu nayo ilikwenda. Mtendaji alibaki ameketi kwa sababu ya kazi, lakini kalamu yake ilikuwa inapiga daftari kwa mdundo. Mwalimu alibaki na mke wake na majirani wachache wa chini wasio na maji. Akanyamaza katikati ya sentensi.

Mwenyekiti aliacha mpaka jembe la mwisho likadakwa. Nadhani hata yeye alitaka kuona. Kisha akasimama, akachukua kigoda.

"Mkutano umeisha," alisema. "Hakuna kilichoamuliwa."

Dalali akapaza sauti. "Mwenyekiti, miguu imekwenda. Si wewe uliyetufundisha kwamba mguu ni mkweli?"

"Mguu ni mkweli, baba. Umesema kwamba mnapenda ngoma. Hilo nilikuwa nalijua."

"Kwa hiyo tumeshinda bure?"

"Ameshinda yule wa Lalago. Mpeni maji, amechoka. Kesho kutwa asubuhi mje bila ngoma."

Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walisema ni haki, wengine walisema amegeuza sheria yake mwenyewe baada ya mchezo kuisha. Ukinipa muda naweza kuzisema hoja za pande zote mbili mpaka usiku uingie, ndiyo shida yangu.

Kesho kutwa asubuhi ikafika, na kwenye mkutano usio na ngoma wakaja watu wasiofuata ngoma. Walikuwa wachache. Wa kando ya njia walikuwepo, baadhi ya wenye ng'ombe, na wa chini waliokosa maji. Dalali na vijana wake walisusa. Mtendaji aliinama akamnong'oneza Mwenyekiti kuhusu akidi. Akamjibu kwa sauti tuliyoisikia sote, "Waliokuja ndio njia yenyewe. Andika." Kijana akaandika, lakini uso wake haukutulia.

Sasa Mwalimu akasema hadithi ya jicho mpaka mwisho. Mama Kulwa alisikiliza ameshika kidevu. Ilipofika zamu yake hakusema habari za ng'ombe. Aliuliza.

"Mwalimu, bomba huwa linapasukia wapi?"

"Pale kwenye kona, pembeni ya jiko."

"Na mtoto alisukumwa wapi?"

"Pale pale."

Mama Kulwa akamgeukia Mwenyekiti. Hao wawili walikuwa marafiki, walikopeshana chumvi na sufuria maisha yao yote. "Mayu," alisema, "nakuheshimu. Lakini nimeshuka njia hii na ng'ombe jua na mvua. Haina ubaya popote isipokuwa pale kwenye jiko lako."

Halafu akatembea. Alikatiza uwanja akaenda kusimama sambamba na Mwalimu. Mwalimu alishtuka, akamsogezea nafasi kama mtu anayepokea mgeni benchini. Wa chini wakafuata. Wenye ng'ombe wakafuata. Mimi nilifuata. Upande wa pili, wa kulitetea jiko, alibaki Mwenyekiti juu ya kigoda, na beberu wake.

Alitutazama, mmoja mmoja. Tulingoja atembee. Hakutembea.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mwenyekiti."

"Andika," alimwambia Mtendaji. "Njia ibaki. Ng'ombe wapite asubuhi na jioni, mchana mtoto aende dukani. Minyaa ing'olewe upande wa Mwalimu. Bomba lichimbiwe chini."

"Na jiko?" Mtendaji akauliza.

"Jiko si la serikali."

Tulirudi nyumbani tukiwa hatujui kama tumeshinda. Asubuhi yake nikasikia mdundo. Nilidhani yule wa Lalago amerudi. Kumbe ni Mwenyekiti, amejifunga kitambaa kichwani, anabomoa jiko lake kwa jembe. Vumbi lilimpaka uso mzima. Kila aliyepita alimsalimia kwa ukamilifu, mpaka kuku, na kila aliyetaka kumsaidia alimwambia, "Wewe ulishatembea jana. Kapumzike." Hata Mwalimu aliyekuja na sururu alirudishwa. Msimu ule wote alipikia nje, chini ya bati lililoegemezwa ukutani, na akitaja jambo la jiko alisema "upepo wa mwaka huu ni mkali," basi.

Njia ikapanuka. Mama Kulwa hajauza ng'ombe. Bomba halijapasuka tena pale kwenye kona.

Uchaguzi wa mtaa ulipokuja, akashindwa. Alishindwa na dalali, kwa kura za karatasi. Wenye ng'ombe wengi hawakusahau ushindi wao uliofutwa, hata kama njia walibaki nayo. Siku ya matangazo Mwenyekiti alimwendea mshindi mbele ya watu, akamsalimia: mke, watoto, ng'ombe, mbuzi. Dalali alijibu akitokwa jasho. Na sisemi kwamba dalali ni mbaya. Amefuatilia taa za njiani mpaka zikawaka, na mikutano yake inaisha mapema. Anapigisha kura za mikono.

Cheo kilikwenda, jina likabaki. Mwenyekiti mpya tunamwita kwa jina lake.

Kiangazi hiki nilimpelekea Mwenyekiti wetu wa zamani michembe. Ilikuwa alasiri, ng'ombe bado hawajapanda kutoka lamboni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pale pale palipokuwa jiko, anachambua choroko. Kwake palikuwa na jua, basi mimi nilivuka nikakaa upande wa pili kwenye kivuli cha ukuta wa Mwalimu. Tukawa tunaongea njia ikiwa katikati yetu. Mwili umepungua. Sauti haijapungua. Mchungaji mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe kabla ya saa yake aliambiwa arudi alikotoka, naye akarudi, wala hakukumbuka kwamba huyu si kiongozi tena.

Tulipomaliza salamu akasema, "Mama Milembe, hebu watetee."

"Nani?"

"Walioninyima kura. Wewe una haki moyoni, ila huwa unaificha kama mtu aliyeiba. Hapa tupo wawili. Sema."

Nilisita. Nilimwambia mimi si msemaji. Akaendelea kuchambua choroko, akiningoja. Basi nikasema. Nilisema: ulifuta mkutano wa watu wengi kwa sababu walifuata ngoma, ukakubali mkutano wa watu wachache kwa sababu walikuambia la maana. Kijana wa watu alikuambia akidi, ukamwambia aandike. Mtu wa juu asiyependa lile lililoamuliwa, alipewa nafasi gani? Kama mguu ni mkweli, ni mkweli siku zote. Kama si siku zote, basi aliyekuwa anaamua ni wewe, na sisi tulikuwa tunanyoosha miguu.

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Hakuniuliza nilimpigia nani kura, nami sikumwambia.

Aliweka ungo chini. Akashika magoti, akasimama kwa shida, akanyanyua kigoda. Akavuka njia. Alivuka polepole, akiangalia anapokanyaga, akaja akakiweka kigoda karibu nami kivulini na kukaa.

"Umenivuta," alisema. "Kwa maneno hayo hata mimi ningejinyima."

Tukakaa. Upande wa pili ungo wake ulibaki juani peke yake, na beberu, mzee sasa, akaanza kuusogelea. Hakumfukuza. Chini kukasikika kengele, ng'ombe wa Mama Kulwa wakaanza kupanda, wakapita mbele yetu wametawanyika, kila mmoja na nafasi yake, wakikanyaga pale palipokuwa mafiga ya jiko. Doto alikuwa nyuma yao na fimbo, binti ya Mwalimu pembeni yake, wanabishana jambo la shuleni.

"Mwadila, bibi Mwenyekiti."

"Mwadila, wajukuu. Mhola?"

Walipopita na vumbi likatulia, aliniangalia kwa jicho moja, lile jingine akilifuta.

"Haya," alisema. "Sasa nitetee mimi."

Nikaanza. Nilianzia mbali, kwenye misiba na jembe, na walevi waliopewa nafasi ya kusema. Nilipofika kwenye bomba, alikuwa ameshanyanyua kigoda arudi upande wake.